Viti vya Mkono wa Kike

Tarehe 11 Januari

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu, ambalo tangu mvua zianze limejifanya mtabiri wa hali ya hewa. Binamu yako wa duka amepata mtoto wa kike, wamempa jina refu kuliko yeye mwenyewe. Paa la jiko tumeziba. Mkeo msalimie, mwambie kile kitambaa alichonitumia nimekishona gauni, na kila anayeniona anauliza limetoka wapi. Nasema kwa mkwe, nanyamaza, wasije wakaanza kumwagizia.

Usishangae kupata barua. Najua una simu, nami ninayo. Lakini kwenye simu nikianza tu kusema la maana unalia "mtandao, Shangazi, mtandao". Barua haina mtandao.

Sasa mwanao. Huyu kijana uliyeniletea nimlee nimsomeshe, kwa kuwa shule ninayoiongoza ina sifa, yuko mwaka wa mwisho na Novemba anafanya mtihani. Kichwani hana shida. Shida iko mkononi. Unajua ana mashoto. Wenzake wamempa jina hilo hilo, Mashoto, naye anaitika. Tulipokuwa na madawati marefu alikuwa anakaa mwisho kabisa upande wa kushoto, anaandika raha mustarehe. Mwaka jana Idara yenu ya samani za shule ikayazoa madawati, ikatuletea viti vya chuma vya mtu mmoja mmoja, vyenye kibao cha kuandikia upande wa kulia. Navijua vizuri, maana umevichora wewe, ukanitumia na picha umesimama kando ya kimoja kama bwana harusi.

Basi mwanao akikaa kwenye kiti cha baba yake, mkono unaoandika hauna pa kulala. Unaning'inia hewani. Anajipinda kiuno mpaka kidevu kinagusa kibao. Mtihani wa majaribio hakumaliza karatasi hata moja. Alichoandika chote ni sahihi, na kilichobaki ni cheupe. Na Novemba hawatamsahihishia kilichomo kichwani, watamsahihishia kilichoandikwa. Akifeli, amefeli kwa sababu ya kiti.

Nimemwita fundi wa kuchomelea. Amechungulia, amesema kibao kimefungwa kwa nati ambazo hazishikwi na spana yoyote aliyonayo. Na mgongoni mmebandika onyo: Mali ya Idara, atakayebadilisha atashtakiwa.

Naomba kiti chenye kibao kushoto. Kimoja tu, mwanangu.

Shangazi yako


Tarehe 6 Februari

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Barua nimeipata, nimeisoma peke yangu, kisha nikamsomea mama watoto, ambaye alicheka pale pa bwana harusi kuliko nilivyoona panastahili. Sisi ni wazima. Mdogo anang'oka meno na anayauza kwa majirani. Mwenye nyumba ameanza kutuamkia kwa heshima, sijui anatuandalia nini.

Kuhusu kiti. Shangazi, Idara haitengenezi kiti. Idara inatengeneza miradi, na ndani ya mradi wakati mwingine hutokea kiti. Nikienda kwa mkurugenzi nikasema nataka kiti kimoja, atauliza cha nani, nitasema cha mwanangu, na hapo nitakuwa nimejichimbia kaburi. Mkurugenzi mwenyewe sisi chini chini tunamwita Bwana Mchakato. Juzi mhudumu alimmwagia chai mezani, akasema tuanzishe mchakato wa kuifuta. Lakini akisikia kuna hitaji la wanafunzi wengi, masikio yatamsimama.

Hiyo spana ya nati ipo. Ni ubunifu wangu mwenyewe, ili vibao visiibwe. Moja iko kwenye droo yangu, ila hairuhusiwi kutoka nje ya jengo.

Kwa hiyo niandikie maombi ya shule. Yawe kwa lugha rasmi, nzito, ya kiofisi, bila goti wala bwana harusi. Na usimtaje mtoto.

Mwanao mtiifu


Tarehe 15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linaendelea na utabiri wake. Mjukuu wangu anakula, anarefuka, suruali zote zimemkimbia.

Umemwambia mwalimu wa Kiswahili atumie lugha nzito. Ni kumwambia mbuzi ale majani. Maombi nimeyaambatanisha, lakini sentensi yenyewe nakuandikia na hapa, uifaidi: "Shule inaomba kila darasa lipatiwe viti vya mkono wa kuume na viti vya mkono wa kike, ili kila mwanafunzi akae kwa jinsi alivyoumbwa."

Umeona mambo hayo? Siku hizi mnasema kulia na kushoto kama mnamwelekeza dereva. Wazee wetu walisema kuume na kike. Kuume ndio kulia, kike ndio kushoto. Nilikufundisha mwenyewe ukiwa darasa la nne, ukakosea, nikakurudisha ubaoni mpaka ukapata. Kwa hiyo maombi yakipita mikononi mwako sina wasiwasi.

Shangazi yako


Tarehe 4 Aprili

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenizidi, ila ni za heri. Mama watoto anakusalimu. Amefurahi kwamba nimehamishiwa chumba chenye dirisha. Ndiyo, Shangazi, mtoto wa kaka yako ana dirisha! Na cheo pia: Msanifu Mkuu.

Maombi yako yamepokelewa kuliko tulivyotarajia. Bwana Mchakato aliyasoma kwa sauti kikaoni. Alipokuta "kike" na "jinsi" katika sentensi moja alivua miwani, akasema, "Huyu mwalimu ameona mbali." Tukafanya semina hotelini. Akaletwa mtaalamu, akatueleza kwa michoro kwamba moyo wa binadamu uko upande wa kushoto, na kwa kuwa mwanamke huongozwa na moyo, upande wake wa asili ni huo. Watu wakaandika kwenye madaftari, wengine wakapigia mstari.

Mradi sasa ni wa shule zote, na unaitwa Mradi wa Viti vya Kike. Jina limefupishwa ili lienee kwenye bango. Kuna mambo madogo madogo ya tafsiri ambayo naamini yatanyooka mbele ya safari.

Viti vitafika Juni. Mwambie kijana asome, kiti kinakuja.

Mwanao, Msanifu Mkuu


Tarehe 20 Juni

Mwanangu,

Hatujambo. Salamu zimekwisha.

Viti vimefika. Lori lilishusha, wanafunzi wakapanga, na mkaguzi wa Idara akaja na waraka na tabasamu. Nusu ya viti vina kibao kulia, na mgongoni vimeandikwa kwa rangi: ME. Nusu vina kibao kushoto, vimeandikwa: KE. Nikasema haya, kuume na kike, ingawa sikuona haja ya kubania herufi. Nikamwita Mashoto, nikamwambia, mjukuu wangu, chagua chako. Akakaa kwenye KE. Mkono ukalala juu ya kibao, akaandika mstari mmoja, akainua uso akanitazama. Sijawahi kuona mtoto akifurahi vile kwa sababu ya kiti.

Mkaguzi akamwinua. "We kijana, hujui kusoma? Hicho cha wasichana."

Nikadhani anatania. "Mheshimiwa," nikamwambia, "kike hapo maana yake kushoto."

"Mwalimu, kike ni kike."

"Kike ni kushoto!"

"Kwa hiyo wewe, kwa kuwa ni mwanamke, ni kushoto?"

Maneno yangu akanigeuzia mimi mwenyewe. Mimi, mwanangu, ambaye nimewakosesha majibu watu wazima wenye ndevu zao.

Ndipo akanisomea waraka. Wasichana wote wakae KE. Wavulana wote wakae ME. Mvulana atakayekutwa kwenye KE amevunja maadili, na mwalimu mkuu atawajibika.

Sasa njoo ulione darasa langu. Wasichana, ambao karibu wote wanaandika kwa mkono wa kulia, wamewekewa kibao upande usio na kazi. Ili mkono ufike ng'ambo ile inabidi wageuze mwili mzima, kwa hiyo wasichana wote wameangalia dirishani. Mwalimu wa hisabati anasema siku hizi anafundisha masikio. Mabega yanawauma. Huo mkono wa kulia sasa ni wa kulia kweli, machozi.

Na mwanao, ambaye kwa ajili yake niliomba kiti kimoja, kimoja, amezungukwa na vibao vya kushoto shule nzima, ndiye anayevihitaji, naye haruhusiwi kuvigusa. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Maombi yangu yalipita mikononi mwa nani? Si mwako?

Shangazi yako


Tarehe 30 Julai

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Natumaini goti lina nafuu. Sisi wazima. Mdogo ameanza kusoma na anasoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya vyooni. Mama watoto anakusalimu, nadhani. Barua yako aliifungua yeye kabla yangu, na tangu Jumanne tunazungumza kupitia mtoto.

Changamoto ulizozieleza zimepokelewa. Baada ya kuzitafakari, Idara imeona kwamba tatizo si kiti, tatizo ni mazoea. Mtoto wa kike amezoeshwa mkono usio wake tangu utotoni. Kwa hiyo itatolewa semina ya kuwajengea wasichana uwezo wa kuandika kwa mkono wao wa asili. Naomba subira, tupo kwenye mchakato.

Kuhusu kijana, labda angejaribu kuzoea taratibu? Wengi wamezoea. Shangazi, naomba uelewe nafasi niliyo nayo. Mradi umeshazinduliwa, bango limeshapanda, na kwenye bango kuna picha yangu.

Mwanao


Tarehe 8 Agosti

Mwanangu,

Mtoto wa binamu yako ameota jino. Jirani yetu wa nyumba ya kona amefariki, tumemzika, Mungu amrehemu.

"Tupo kwenye mchakato." Umeliandika hilo wewe, kwa mkono wako. Nilikaa na barua yako nikamtafuta ndani yake mtoto wa kaka yangu, nisimwone. Nilimwona Bwana Mchakato amevaa shati lako. Kweli mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe wamekusifia kidogo tu, umetia ndoo nzima.

Semina yenu ilikuja. Bibie aliyetumwa akawaambia wasichana wanyooshe mkono wao. Wakanyoosha wa kulia, kama binadamu. Akasema, "Huo ni wa kiume." Binti mmoja akauliza, "Wa kiume wa nani, mbona yote miwili ni yangu?" Akatolewa nje kwa utovu wa nidhamu. Nilimfuata huko nje nikamnunulia soda.

Sasa sikiliza. Nina swali moja, na sitaki salamu kabla ya jibu. Ulijua? Siku ile kikaoni, walipolisoma neno lile na kulipindua, ulijua?

Na nina ombi moja. Sitaki mradi, sitaki semina, sitaki kuletewa mtaalamu wa moyo. Nataka hiyo spana iliyo kwenye droo yako. Nipe niwageuzie watoto vibao, na kama ni kushtakiwa, watanikuta ofisini kwangu.

Shangazi yako


Tarehe 10 Septemba

Mwanangu,

Hukujibu. Hatujambo.

Mtihani wa majaribio wa pili umefanyika. Mwanao kaacha maswali meupe tena, na safari hii mengi zaidi. Lakini siandiki kwa ajili ya hilo.

Jana niliingia jikoni nikamkuta mezani anaandika kwa mkono wa kulia. Ameufunga ule wa kushoto kwa kitambaa kwenye mguu wa kiti, amejifunga mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Mwandiko kama wa mtoto wa chekechea, jasho linamtoka. Nikafungua kitambaa nikamuuliza, mjukuu wangu, nani amekufundisha ujinga huu?

Akasema, "Bibi, kile kiti amekichora baba. Baba hawezi kukosea. Mimi ndiye niliyekosewa."

Nimekuandikia kama alivyosema. Sikuongeza wala sikupunguza.

Shangazi yako


Tarehe 2 Oktoba

Mwanangu,

Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Nausubiri huo mshindo, na mtihani hausubiri.

Shangazi yako


Tarehe 25 Oktoba

Shangazi, shikamoo.

Nilijua.

Nilijua pale pale kikaoni. Nilifungua mdomo, na wakati huo huo Bwana Mchakato akasema, "Na kijana aliyetuletea maombi haya apigiwe makofi." Nikapigiwa. Ukishapigiwa makofi, Shangazi, mdomo unakuwa mzito sana. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho nikapewa dirisha. Walipopaka zile herufi nilikuwa nimesimama kiwandani, rangi bado mbichi, ningeweza kuzifuta kwa kidole. Sikunyoosha kidole.

Barua yako ya Septemba mama watoto alinisomea mlangoni, kabla sijavua viatu. Alipofika kwenye maneno ya mtoto akanikabidhi karatasi akaingia ndani. Nilibaki na viatu vyangu. Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi, na ikanichukua wiki kadhaa kuibeba mpaka ofisini, maana mimi si shujaa, unanijua.

Lakini niliibeba. Niliandika dokezo la sentensi moja: neno kike katika waraka maana yake ni kushoto, na viti vyote vimegawiwa kimakosa. Bwana Mchakato alilisoma, akavua miwani. Nikafikiri ameelewa.

"Unasema mwanamke ni kushoto?" akaniuliza.

Nikasema hapana, mkono wa kike ndio wa kushoto.

"Na wa kiume ndio wa kulia? Yaani ulio bora ukaupa wanaume?"

Nikamwambia sikuupa mimi, ndivyo lugha ilivyo. Niliwaletea kamusi kikaoni. Nikawafungulia ukurasa. Waliusoma wote, wakatazamana, wakasema basi hata kamusi hii ichunguzwe.

Kwa ufupi, Shangazi, nimesimamishwa kazi kwa kosa la kuwadhalilisha wanawake. Mimi, niliyelelewa na wewe! Picha yangu kwenye bango wameiziba kwa karatasi. Jumatatu ile ya kuanza mtihani ndiyo siku ninayoitwa kwenye kamati ya nidhamu, asubuhi. Kwa hiyo nakuja huko Jumamosi kabla yake, na Jumapili nageuza.

Nilipotoka, mlinzi wa getini alikagua sanduku langu. Mlikuwa na kikombe, picha ya harusi na spana. Akauliza hii spana ni ya nini. Nikamjibu ni ya kufungulia nati. Akasema haya, pita. Ndiye mtu wa kwanza katika jengo lile aliyelichukua neno kama lilivyosemwa.

Usimwambie kijana kwamba nakuja. Naogopa nisije nikashindwa kushuka kwenye basi.

Mwanao


Tarehe 19 Novemba

Mwanangu,

Tumshukuru Mungu, wote wazima. Binamu yako anasema mtoto wake sasa anaitwa kwa herufi mbili tu za mwanzo, jina zima limewashinda. Mkeo ameniandikia mwenyewe, kurasa nne, anasema siku hizi mnazungumza bila mkalimani. Nimefurahi. Anasema pia kwamba kikao chako kimeahirishwa mpaka uchunguzi wa kamusi ukamilike. Basi pumzika, kamusi ni nene.

Kwanza nikwambie ukweli, kazi yako ya Jumapili ile ilikuwa mbovu. Vibao kadhaa vimelegea, na cha binti wa mwuza mkaa kilidondoka katikati ya jiografia. Umechora viti maisha yako yote na spana unaishika kama kijiko! Lakini nilipokuona umepiga magoti chini ya viti vyako mwenyewe, suruali ya ofisini imejaa vumbi, wasichana wanakushikia nati, na mwanao anakwambia "Baba, zungusha huku, siyo huko," nawe unazungusha anakokwambia, nilikwenda nyuma ya stoo nikalia. Ana kwa ana nisingekwambia. Ulichelewa, ulinitia uchungu, na ulikuja. Baba yako angekuwa hai angesema hayo hayo, ila kwa makelele zaidi.

Sasa mtihani. Msimamizi mkuu walimleta nani? Yule yule mkaguzi wa Juni. Nikasema leo ajira yangu imekwisha, na sijutii. Akasimama mlangoni na waraka wake, akapitisha macho. Wasichana wote wamekaa KE. Wavulana wote wamekaa ME. Akaitikia kwa kichwa, vizuri. Kibao kiko upande gani hakuangalia hata kimoja. Waraka unasema herufi, naye alikuja kukagua herufi.

Alipofika kwa mwanao ndipo akasita. Kiti ni ME, mtoto ni wa kiume, lakini kuna kitu kinamsumbua na hakijui. Akamwinamia.

"Kijana, hiki kiti ni cha kiume au cha kike?"

"Ni cha kukalia, mwalimu," mwanao akamjibu, kwa adabu kabisa, kalamu mkononi.

Mkaguzi akazunguka nyuma, akasoma tena, ME, akaridhika, akaenda zake.

Na ripoti aliyoandika nimeletewa nakala. Anasema wasichana wa shule yangu wamekaa wima, hawageukii dirishani tena, mwandiko umenyooka, na kwamba huu ni ushahidi kuwa semina ya mkono wa asili imefanikiwa mia kwa mia. Idara inataka kuifanya shule yangu ya mfano. Bwana Mchakato atakuja mwenyewe kunipa cheti. Nitakipokea kwa mkono wa kushoto, tuone kama atajua nimempa wa kike au nimemkosea adabu.

Barua yako fupi ya kuulizia spana nimeipata, kwamba wanaidai irudi kabla ya kikao. Siirudishi. Sinayo. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kunitembelea, akakaa, akanywa chai, akasifia mandhari ya uwanja wetu ambao hauna mandhari, mwisho akasema amesikia nina chombo. Nikampa. Nikamwambia ukimaliza mpe anayefuata, usiniletee. Jana nimesikia iko shule ya tatu. Kamati wakikuuliza iko wapi, waambie ukweli: ipo kwenye mchakato.

Mwanao alimaliza. Nimekuchelewesha makusudi, kama ulivyonichelewesha. Karatasi ya kwanza alimaliza, akarudia kusoma majibu yake, jambo ambalo hajawahi kupata nafasi ya kulifanya. Karatasi ya pili mimi nilikuwa nje, mwalimu mkuu haruhusiwi kuingia, nimejibanza karibu na matangi ya maji nachungulia kama mwizi wa kuku. Nikamwona anainua mkono. Nikasema Mungu wangu, anaumwa. Msimamizi akamwendea, wakanong'onezana, akarudi mezani, akachukua karatasi ya nyongeza, akampelekea.

Karatasi ya nyongeza, mwanangu! Huyu aliyekuwa anarudisha karatasi nyeupe, zile walizompa hazikumtosha. Kigelegele kilinitoka chenyewe, nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, ya kuume na ya kike. Mlinzi wa shule akaja mbio, mwalimu, kuna nini? Nikamwambia mtoto ameomba karatasi. Akanitazama, akatazama matangi, akarudi getini kwake.

Shangazi yako